Mzee Shigela, Aliyekimbia kwa Mwendo wa Kivuko

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Elias Machibya Shigela, Msimamizi wa Mitambo ya Baridi katika kiwanda chetu cha minofu ya samaki, atakabidhi funguo na kustaafu kwa mujibu wa umri, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kamati ya maandalizi ya kumuaga ilinipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili: nimefanya naye kazi kuliko wote waliobaki, na wakati wanagawana majukumu nilikuwa nimetoka kununua soda.

Mzee Shigela ni mzaliwa wa Magu. Alikuja hapa akiwa kibarua wa kusukuma toroli la barafu, akapanda taratibu hadi akawa mtu ambaye mameneja, waliokuja na kuondoka, walimtafuta kwanza kabla ya kutafuta ofisi yao. Wakongwe wanakumbuka masika yale umeme ulipokatika na jenereta nayo ikagoma. Mzee hakutoka chumba cha baridi. Aligawa barafu kidogo kidogo, kama mama mwenye wageni wengi na kuku mmoja, na sangara wote wakaondoka salama kwenda uwanja wa ndege. Meneja wa wakati huo alipokea cheti. Mzee alipokea mafua.

Huyo ndiye mtu wa chuma tuliyemjua. Sasa nieleze jinsi alivyokuja kutawaliwa na kitu chenye ukubwa wa kizibo cha soda.

Daktari alimwambia apunguze chumvi na aongeze mazoezi. Chumvi hakupunguza. Binti yake Rebeka, anayefanya kazi Dodoma, akamletea saa ya michezo, nyeusi, ya mpira, isiyo na mshale hata mmoja. Saa hiyo haina haja ya kukuambia ni saa ngapi, hilo inaliona ni dogo. Kabla hujaanza kukimbia unaiwekea mwendo lengwa, yaani unaiahidi kasi utakayokwenda nayo, kisha inakusimamia kama mnyapara. Ukizembea inatetemeka. Ukizidisha inatetemeka pia. Ukienda sawasawa inanyamaza, maana na yenyewe, kama mabosi wengi, haijui kushukuru. Mimi nilikulia mahali ambapo mtu akikimbia tunauliza kuna nini. Siku hizi watu wazima wanakimbia bila kufukuzwa, halafu wanasikitika kwamba hawakukimbia vya kutosha.

Kiseke, anakoishi, Mzee alijulikana kama mzee wa watu. Haukupita muda akawa mzee asiyeitikia salamu. Wanafunzi wanamwamkia shikamoo, yeye anatazama mkono na kupita. Jirani mmoja alikwenda kumuuliza Mama Rebeka kama kuna mahali wamemkosea mumewe.

"Hamjamkosea," alijibu Mama Rebeka. "Marahaba inampunguzia kasi."

Hapa wageni waelezwe kidogo kuhusu bonanza letu la Mei Mosi. Kila idara hutoa wakimbiaji watano, kutoka uwanja wa Kirumba hadi Pasiansi na kurudi. Kwetu hatuangalii nani katangulia. Biashara yetu ni baridi, na minofu ikipata joto mahali pamoja tu, safari nzima imeharibika. Kwa hiyo waasisi waliweka sheria: muda wa timu hufungwa pale mtu wake wa mwisho anapogusa kamba. Zawadi ni dume la ng'ombe. Wanaoshindwa huosha masufuria.

Idara ya Minofu, wanawake tupu chini ya Bi. Paskazia, wamelila dume hilo mwaka baada ya mwaka. Sisi Mitambo tunayajua masufuria yote kwa majina. Mwaka jana Mzee alisimama kwenye kikao akatangaza kwamba hatatoka kiwandani bila kushinda dume. Alitangaza mbele ya Bi. Paskazia, jambo ambalo mtu mwenye busara halifanyi.

"Mzee wangu," alisema Bi. Paskazia, "hilo dume utalipata ndotoni. Na hata huko utakuta sisi tumeshachinja."

Mzee hakuwa anatania. Alikuwa amepata kila kitu ambacho kiwanda hiki kinaweza kumpa mtu, isipokuwa hicho. Akaiamini saa.

Februari alikwenda msibani upande wa Sengerema. Siku ya kurudi, badala ya kupanda gari kama waombolezaji wengine, alikimbia kipande cha mwisho hadi Kamanga, akaingia kwenye kivuko cha kuja mjini, akanunua karanga, akakaa. Saa hakuizima. Nayo saa, ambayo haitofautishi lami na ziwa, ikahesabu kwamba Mzee bado anakimbia, tena sasa kwa pumzi ya ajabu, bila mlima wala kona. Ubaya wa kivuko ni kwamba hakiendi kasi kiasi cha kutiliwa shaka. Kinakwenda kama mwanariadha mzuri aliyeshiba. Kilipogusa gati la mjini, saa ikampongeza Mzee kwa rekodi mpya na kumpangia mwendo lengwa mpya.

Fundi huyu, ambaye maisha yake yote hakukubali kipimo kimoja cha joto bila kukihakiki kwa kingine, alisoma sifa zake kwenye mkono wake mwenyewe na hakuomba ushahidi. Kwetu alisema ni nguvu ya michembe, vile viazi vikavu alivyokula msibani.

Kuanzia hapo Mitambo tukawa tunafukuzana na kivuko. Tulikuwa Mzee, Shamsa wa chumba cha kuongozea mitambo, mafundi Mayala na Abubakary, na mimi, kwa kuwa stoo iko chini ya Mitambo na tumbo langu halikuombwa maoni. Mke wa Mayala alidhani mumewe anaumwa. Mimi nilitapika kwenye mtaro wa Pasiansi mbele ya mama muuza dagaa, ambaye alinihurumia akanipa ndimu. Mzee mbele yetu anatazama mkono na kupiga kelele, "Tumechelewa! Tumechelewa!" Hakuna aliyejua tunachelewa wapi.

Wiki moja kabla ya Mei Mosi, Shamsa aliomba aone simu ya Mzee, ambako saa huchora ramani ya kila mbio.

"Mzee, shikamoo. Huu mstari ni wa siku gani?"

"Marahaba. Hiyo ndiyo siku ya rekodi."

"Naona umetoka Kamanga."

"Ndiyo, nilitoka Kamanga."

"Ukafika mjini."

"Salama kabisa."

"Kwa mguu, Mzee?"

Mzee aliitazama ile bluu yote ya ziwa chini ya mstari wake. Abubakary alitoka nje ili acheke kwa heshima. Kufikia chakula cha mchana habari ilikuwa imefika Minofu, na Bi. Paskazia alikuja mwenyewe dirishani pa stoo kuniuliza kama ninavyo viatu vya kukimbilia juu ya maji, saizi ya mzee mmoja hivi.

Tulikuwa tumechoka, na siku zimebaki chache. Mayala akasema lililokuwa vichwani mwa wote: tumtoe mtunza stoo, tumwingize Seif, fundi umeme anayecheza mpira. Sheria inaruhusu. Hesabu haikuhitaji saa: na Seif, dume; na mimi, masufuria. Niliunga mkono haraka kuliko nilivyowahi kukimbia.

Mzee alikataa. "Seif ana miaka yake mbele," alisema. "Huyu nimezeeka naye." Akaenda kuangalia kompresa, na hakuna aliyelirudia tena.

Siku ya mbio Rebeka alikuja kutoka Dodoma. Mzee alikuwa ameiwekea saa mwendo wa binadamu, na tulipogeuza Pasiansi tulikuwa mbele ya Minofu. Narudia kwa faida ya historia: tulikuwa mbele. Kisha mguu wangu ukakaza nyuma ya goti, nikakaa kwenye jiwe. Mzee aliwaambia wale watatu waendelee, akarudi peke yake hadi nilipo, saa ikitetemeka mkononi kama kuku aliyekamatwa. Minofu wakatupita. Wale hukimbia wakipiga umbea, na mwendo wao ni huo tu: mmoja akishindwa kujibu, wote wanapunguza.

"Poleni, baba zangu," alisema Bi. Paskazia akipita. "Maji yapo mbele. Na masufuria."

Mzee alinikunja vidole vya mguu, akanitukana kwa Kisukuma kirefu ambacho sitakitafsiri kwenye programu hii, akaniinua. Tukaja tukitembea hadi uwanjani. Minofu walishaanza kuimba. Shamsa, Mayala na Abubakary walishagusa kamba na kusimama pembeni. Nilimpisha Mzee aguse kabla yangu, kwa kuwa ni mkubwa na lilikuwa bonanza lake la mwisho. Alinishika kiwiko, akaupiga mkono wangu kwenye kamba. Kisha akasimama, akajifuta uso, akavuta pumzi kama mtu mwenye siku nzima, ndipo akaigusa na yeye.

Ndiyo maana kwenye ubao wa matokeo, mbele ya jina la Mitambo, mtu wa mwisho ameandikwa Elias Shigela. Saa ikatetemeka kumjulisha kwamba hakufikia lengo. Hiyo ndiyo akili ya saa. Bi. Paskazia alisoma ubao, akamtazama Mzee, na hakusema neno. Wanaomfahamu wanajua hiyo ni hotuba.

Mzee Shigela, tunakushukuru kwa kila barafu uliyoilinda na kila fundi uliyemlea. Kamati ilipendekeza tukuage kwa zawadi ya saa ya ukutani. Waliopendekeza wameombwa watulie. Nenda nyumbani kwako Kiseke, ukachelewe popote unapopenda, na kila utakapofika ukute wamekuachia kiti na chakula bado cha moto. Uishi vema, Mzee wetu.