Mama Bado na Kipimo cha Mimba cha Fundi

Kosa la wengi wetu ni hili: uvimbe ukitokea shingoni, tunatafuta chanzo shingoni. Aliyetufundisha kutazama chini zaidi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mitatu ya udaktari katika maabara yetu ya patholojia, chumba kile chenye harufu ya fomalini na dirisha lisilofungika.

Tulimwita Mama Bado. Wodini wakipiga simu kudai majibu, alijibu, "Bado, baba," akakata. Walinuna, wakazoea.

Siku moja alilazwa fundi wa kuchomelea, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ana uvimbe shingoni na tumboni. Kinyama kilichokatwa shingoni tulikisoma sote: saratani iliyosambaa, chanzo hakijulikani. Mkewe alikwisha kuambiwa amrudishe nyumbani, dawa hakuna. Mama Bado akainamia darubini, akasema bado. Seli hizi, alieleza, ni hodari wa kuvaa sura ya saratani nyingine. Akaagiza kipimo cha mimba.

"Cha mkewe?" aliuliza mtu wa maabara.

"Cha fundi mwenyewe, mwanangu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kikatoa mistari miwili, yaani ana mimba. Tukarudia kwa mkojo mpya, miwili tena. Kicheko kilikatika kama umeme.

Saratani inayoanzia kwenye seli za uzazi, kwa mwanamume ndani ya korodani, huweza kutoa homoni ileile ya mimba. Vipimo vya damu vilithibitisha. Kumbe hakuna daktari aliyemkagua korodani. Kila mmoja aliona haya. Fundi naye aliwahi kugusa kivimbe huko, kikanywea chenyewe, akashukuru Mungu na kunyamaza, hata mkewe asijue. Kilinywea kikiwa kimeshasambaza mbegu za saratani, kikaacha kovu tu. Na saratani hii, hata ikisambaa, mara nyingi hupona kwa dawa. Tulikuwa tunamrudisha nyumbani kufa mtu wa kupona!

Akatibiwa, akapona. Mwaka jana alikuja kuchomelea bawaba za lile dirisha letu. Mama Bado akalisukuma, akatikisa kichwa: bado.

Mama, ahsante kwa kutuchelewesha. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Nanyi akina baba na vijana, leo mkienda kuoga, jikagueni korodani. Ukigusa kivimbe, nenda hospitali, hata kikinywea.