Hotuba Aliyoikosa Papa Tharcisse

Papa Tharcisse Uyirwoth, seremala wa hospitali yetu hapa Bunia, amestaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Sherehe ya kumuaga ilifanyika siku hiyohiyo uani. Yeye hakuhudhuria, ingawa alikuwa mita ishirini tu kutoka kwenye kiti alichoandaliwa. Ndiyo maana wasifu huu unachapwa.

Alifika kutoka Mahagi mwaka 1991, juu ya lori la maharagwe, na randa moja iliyoviringishwa ndani ya shati. Tangu hapo ametengeneza vitanda, mabenchi, magongo ya wagonjwa, na yale masanduku marefu ambayo kila hospitali inayahitaji lakini hayatajwi kwenye karamu. Mwaka ule wa vita, milango yote kumi na minne ya Nyumba ya Wauguzi iliondoka bila kuaga. Aliitengeneza upya, na mpaka leo hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu. Hakuwahi kumgombeza mtu. Misumari aliigombeza kila siku, kwa Kialur, na waliomwelewa walijifanya hawaelewi.

Nyumba ya Wauguzi ndipo tunapolala mchana sisi wa zamu ya usiku. Juu ya kila mlango wa chumba kuna tundu, upana sawa na mlango na kimo cha shubiri moja, la kutolea joto la mabati. Joto lilitoka. Kilichoingia ni kila kitu kingine: redio ya chumba namba mbili, sombe, yaani kisamvu, inayotwangwa, motari wa pikipiki za abiria wanaopiga honi getini, na sauti ya Mama Joëlle, msimamizi wa nyumba, ambaye akimkumbusha mtu kufunga bomba, hata jirani hufunga la kwake.

Miaka saba iliyopita, muuguzi mmoja wa chumba namba sita hakupata hata saa mbili za usingizi kwa siku. Mwandishi angependa kulificha jina lake, lakini ni la kwake mwenyewe. Niliandika joto la mgonjwa wa kitanda cha nane, nyuzi thelathini na saba na nusu, na mgonjwa huyo alikuwa amerudi kwao tangu juzi. Nikapewa barua ya kujieleza. Wiki iliyofuata nilisinzia nimesimama, sindano mkononi. Nikapewa ya pili. Barua ya tatu humpeleka mtu nyumbani moja kwa moja, nami nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Niliogopa sana. Nilimweleza Papa Tharcisse kwa sababu tu alikuja kurekebisha kitasa akanikuta ninalia.

Alitazama juu ya mlango, akarudi na ubao mwembamba, akaliziba tundu lote. Kelele zilikwisha. Kufikia saa sita mchana hewa nayo ilikwisha, nikatoka nimelowa jasho na kumalizia usingizi wangu chini ya tangi la maji. Aliung'oa ubao ule mwenyewe na kukiri mbele ya watu kwamba amekosea, jambo ambalo kwenye karakana yetu halikuwahi kuandikwa.

Baada ya wiki mbili alileta sanduku refu, bapa, la kufunika tundu. Hewa iliingia kwa upande mmoja chini, ikapinda mara mbili kati ya vibao, ikatokea upande wa pili juu. Kuta za ndani alizivika sponji ya magodoro makuukuu, yaliyofuliwa kwa dawa na kuanikwa juani siku saba. Mkurugenzi alipotaka maelezo ya kitaalamu, alipewa haya: "Hewa inajua kupinda kona. Makelele haijue."

Kupima ilikuwa shida, maana mlio wa msumeno wa umeme ulikuwa umeshachukua sikio lake moja na nusu ya jingine. Akamwomba Mama Joëlle asimame koridoni agombe kama kawaida yake. Mimi nilifungiwa ndani na karatasi, niandike kila neno nitakalolisikia. Mama Joëlle aligomba kwa dakika kumi, bila kurudia tusi. Walipofungua mlango, karatasi ilikuwa tupu, nami nilikuwa nimelala kalamu mkononi. Barua ya tatu haikuja kamwe.

Alifanya vyumba vyote kumi na vinne. Kisha akachonga kibao akakitundika koridoni: "Mulango ikifungwa, mutu iko nalala. Musigonge. Ila moto tu." Sheria hiyo haijavunjwa na mtu yeyote, hata Mkurugenzi.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa kiti na kitenge cha mkewe. Aliomba kulala saa moja tu ndani ya chumba namba sita. Hakuwahi kujaribu kazi yake mwenyewe. Aliingia saa saba mchana, akafunga mlango. Saa nane kwaya ilianza, ngoma zikafuata, kisha vipaza sauti. Kiti chake pale uani kikabaki kitupu. Wajumbe watatu walitumwa kumwita. Walisoma kibao, wakarudi. Wa nne alikuwa Mama Joëlle, naye akabaki pale mlangoni akilinda, kimya, saa mbili nzima. Tulikihutubia kiti. Saa kumi na moja alitoka akijinyoosha, akauliza kama tumeshaanza.

Basi, Papa Tharcisse, haya ndiyo tuliyosema. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba nina kazi hadi leo kwa sababu yako, nikalia mbele ya kipaza sauti, na ukuta mmoja tu ulikuwa kati yetu. Hukusikia hata neno. Asante. Tunakutakia wewe na mkeo siku tulivu huko nyumbani kwenu, mtaa wa Rwambuzi, na mbao zisizo na mafundo. Sahani yako ya mbuzi iko kwa Mama Joëlle. Mlango wake uko wazi, unaweza kugonga.

Falone Lotsove, muuguzi mkuu wa zamu ya usiku, chumba namba sita