Somo Lililokatizwa Mara Tatu

Kwenye siti ya mbele yangu basini, fundi cherehani mmoja alimtambua kijana wa seminari aliyekaa kando yake. "Kumbe ni wewe uliyenikatiza Jumapili mbele ya kanisa zima! Mara tatu!"

"Dada, ulisoma Ekarisiti. Ni Ekaristi. Kigiriki hicho: eu ni vyema, kharis ni neema. Ukiliongezea irabu, umelibomoa."

"Na mimi ulivyonibomoa je? Nimejifunza kusoma nina miaka arobaini. Mama yangu alikuja siku ile kunisikia mimi tu. Sasa anawaambia majirani kwamba kumbe sijui kusoma."

"Sikukudharau. Nilikusahihisha." Hapo angenyamaza tu, lakini seminari nadhani hawafundishi hilo.

"Si ungeningoja nje ukaninong'oneza? Neno limejaa neema, wewe mwenyewe huna hata tone!"

Hata hivyo, muda wote huo kijana alikuwa amempakatia kichwa cha cherehani, na hakukitua hata alipotukanwa. Hilo nililiona.

Basi lilipunguza mwendo. Fundi akanyoosha kidole dirishani. "Mama yangu yule pale kituoni, mwenye mwavuli. Haya, shuka ukamweleze yeye hiyo eu yako."

Basi likasimama.