Anselmi Mabrouk, Fundi wa Kanzu na Padri wa Redioni

Marehemu Anselmi Mabrouk alizaliwa Kikwajuni, Unguja, tarehe 12 Machi 1909, mtoto wa tatu wa Mzee Mabrouk, seremala, na Bi Veronika. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Huko ndiko walimu walikoitambua sauti yake, nzito na ya upole, na baadaye aliongoza rozari katika kanisa la Minara Miwili kwa miaka ishirini na miwili.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu za mapadri na za mashekhe kwa cherehani moja, na hakuna aliyelalamika. Tarehe 6 Oktoba 1934 alifunga ndoa na Filomena Mashavu, mwalimu.

Mwaka 1953 Bwana Borafya, mtunzi wa michezo ya upelelezi ya redio, alimwomba acheze padri. Alicheza mapadri saba. Wawili waliua, watano walimjua muuaji wakanyamaza. Mkewe, aliyefundisha na mapadri wa kweli, hakupendezwa. Marehemu mwenyewe aliuliza, "Bwana Borafya, huna padri hata mmoja asiyeficha maiti?"

"Ninaye, Anselmi. Anafundisha hesabu. Nani atafungua redio?"

Mtaani wakamwamkia, "Shikamoo, Padri!" Naye akajibu, "Marahaba. Suruali yako tayari."

Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1956, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini na njia imenyamaza, mtu ambaye marehemu hakumjua aliketi kwenye baraza ya duka lake la ushonaji, akaligeuzia duka mgongo. Taratibu, kama asomaye, alieleza alivyomuua mwenzake akamtia katika kisima kikavu Mpendae.

"Bwana, mimi fundi tu," alisema marehemu.

"Padri ni padri. Nnajua hutosema."

Marehemu aliacha kitambaa chini ya sindano akaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alicheka: "Padri! Hii sehemu ya ngapi?" Hakuandika neno.

Siku ya tisa maiti ilionekana kisimani. Kituoni hapakuwa na maandishi ya taarifa yake, na mji, uliojua kuwa aliambiwa, ukasema Padri kaficha tena. Kila Ijumaa, saa ileile, mgeni alirudi, akaketi vilevile, asiseme kitu. Marehemu alipofanikiwa kumleta askari, baraza ilikuwa tupu, na jiwe la upande wa kivuli lilikuwa na joto la mtu.

Februari 1958 aliugua koo. Kufikia Juni hakuwa na sauti. Jumanne, tarehe 18 Novemba, alasiri, jirani Masoud alifungua redio. Mchezo wa zamani ulirudiwa, na sauti ya marehemu ikaingia chumbani: "Nimesikia, mwanangu. Nitanyamaza." Kitandani, marehemu alifumbua macho, akamshika mkewe mkono, akatikisa kichwa. Alitikisa hivyo mpaka mchezo ulipokwisha. Saa kumi na moja alifariki.

Jana asubuhi, msibani, mtu aliyempa mjane mgongo aliuliza, "Padri kanyamaza mpaka mwisho?"

"Hakunyamaza hata siku moja," alijibu Bi Mashavu. "Alikwenda kukusema siku ileile. Geuka nikuone."

Aligeuka. Jana hiyohiyo mchana, Bi Mashavu alikwenda kituoni akaueleza uso huo, kovu la shavuni na jino lililopungua, na hakuinuka kitini mpaka askari alipomaliza kuandika mstari wa mwisho na kumsomea.

Marehemu ameacha mjane, Filomena Mashavu. Watoto wawili, Getrudi na Msabah. Na wajukuu wanne.

Apumzike, na jina lake lipumzike pamoja naye.