Mguu wa Mzee Nzioka: Maisha ya Marehemu Miriam Mbula Mbuvi

Marehemu Miriam Mbula alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 huko Mwala, Machakos, binti wa kwanza wa Mzee Nzioka na Mama Ndinda, wote marehemu. Alisoma Mwala, kisha akaingia chuo cha uuguzi mjini Machakos. Huko alijulikana kwa kuwachekesha wagonjwa walioogopa sindano.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na Bwana Mbuvi, wakajaliwa watoto wawili, Mwende na Kimeu. Mwaka 2004 familia ilihamia Sydney. Mbula alianza kama nesi wa zamu, akapanda hadi kuwa meneja wa makao ya wazee huko Auburn.

Mwenyewe aliagiza sehemu inayofuata isirukwe. Mshahara ulikuwa mnono, lakini kila ulipoingia ulikuwa tayari na wenyewe: gari kubwa la mkopo, nyumba kubwa ya kupanga, karamu za kila mara. Mwaka 2011 Mzee Nzioka alianguka, akavunjika nyonga. Nyumbani wakapiga simu kuomba pesa za upasuaji. Meneja hakuwa na akiba hata kidogo. Alisema mtandao unakatika, akazima simu. Jirani, Bi Kalekye, ndiye aliyeuza ng'ombe wake, Mzee akatibiwa.

Krismasi iliyofuata Mbula alienda nyumbani na televisheni kubwa. Mbele ya wageni Mzee alimwambia, "Televisheni ni nzuri, mwanangu. Lakini mshukuru Kalekye kwanza. Mguu huu ninaosimamia ni ng'ombe wake." Mbula aliingia jikoni, asitoke hadi wageni walipoondoka.

Aliporudi Sydney aliuza lile gari, akahamisha familia kwenye nyumba ndogo Seven Hills. Kalekye alinunuliwa mtamba mwenye mimba. Tangu hapo, siku ya mshahara alitenga kwanza pesa za wazazi, za karo na za dharura. Kilichobaki ndicho walichokula. Alipanda treni na chakula chake kwenye mkebe. Watu wetu wa hapa Sydney walimcheka, naye akawajibu, "Mshahara si kitenge, jamani. Sina haja ya kuuvaa." Lakini hakupenda kusifiwa kwa hilo. Mchungaji alipomwomba awafundishe vijana kuweka akiba, alikataa. "Nitawaambia nini? Nilijifunza kwa mguu wa baba yangu."

Julai 2020 Mzee Nzioka alifariki. Safari hii nauli ilikuwepo benki, ila mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na ruhusa ya kusafiri ilifika Mzee ameshazikwa. Mbula alitazama mazishi kwenye simu. Aliyeishika simu upande wa pili, akiinamia kaburi ili Mbula aone, alikuwa Bi Kalekye. Mbula alimwambia mumewe, "Nilijiandaa kwa kila kitu, Baba Mwende, na bado Kalekye amenizikia baba yangu." Aibu hiyo hakuipatia dawa.

Januari 2021 aligundulika na saratani ya kongosho. Wiki zake za mwisho alikataa michango, akataka azikwe hapa hapa Sydney, akachagua jeneza la bei ya chini kuliko yote. Bwana Mbuvi alipouliza, "Watu watasemaje?" alicheka. "Watu wenyewe ni kumi tu, ndiyo sheria ya lokdauni. Wengine watatazama kwenye simu, kama mimi." Kisha akasema, "Someni na habari ya mguu. Msinipambe."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2021, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Mbuvi. Watoto, Mwende na Kimeu. Mjukuu mmoja, Ndinda. Kaka yake Maxwell, anayesoma wasifu huu. Na Bi Kalekye wa Mwala, ambaye aliomba ahesabiwe humu kama dada.

Mungu ampumzishe Mbula kwa amani, na sisi tuliomcheka atujalie kuona haya.