Mkono Uliofungua Mfereji

PAZI: Haloo? Nani huyo? Haloo!

MWINJUMA: Mimi, shemeji yako. Mwinjuma, hapa steshini. Uko peke yako hapo kwenye banio la mto?

PAZI: Peke yangu. Shikamoo, shemeji. Mbona umepiga mapema? Saa ya kusoma alama ya maji bado—

MWINJUMA: Marahaba, marahaba. Nisikilize, usinikatize. Tangi la reli limelala tupu. Gari la moshi la asubuhi limekwama hapa, halina maji. Bwana Mkubwa amefura.

PAZI: Tupu? Lakini jana si uliandika alama saba?

MWINJUMA: Kila siku naandika saba! Ukiniambia tano, naandika saba. Ukiniambia nne, saba. Tangu kiangazi kianze tunawadanganya, na maji yanaishia kwenye migomba ya kwenu. Leo Bwana kapanda tangini mwenyewe, kaingiza fimbo. Imetoka kavu.

PAZI: Mungu wangu.

MWINJUMA: Anakuja huko. Ana askari sita na mbwa. Wameshavuka mto. Ziba mfereji, Pazi, sasa hivi!

PAZI: Siwezi.

MWINJUMA: Huwezi nini? Si bonge la udongo tu? Lisukume kwa mguu!

PAZI: Shemeji, wewe mtu wa pwani. Huku aliyetoa bonge ndiye analirudisha. Mkono uliofungua ndio unaofunga. Zamani kila nyumba ilikuwa na siku yake nzima. Mji wenu ulipoanza kunywa mto wetu tukakata zamu, kuanzia jogoo mpaka jua liguse jiwe la zamu, basi. Watu wamekubali kwa shida. Nikigusa zamu ya mtu leo, kesho watakatana kwa majembe.

MWINJUMA: Basi mwenye zamu afunge akimbie! Na asipokimbia, shauri yake. Bora akamatwe yeye kuliko—

PAZI: Shemeji...

MWINJUMA: Viboko hamsa ishirini si mchezo! Yule mpagazi wa juzi mpaka leo hajakaa kitako!

PAZI: Shemeji, zamu ya leo ni ya mama.

MWINJUMA: Mama si yuko kitandani?

PAZI: Yuko kitandani. Ameshuka Mosi.

(Laini inakwaruza.)

MWINJUMA: Mosi yupi?

PAZI: Una Mosi wangapi? Mkeo. Si ulimruhusu mwenyewe aje kumuuguza? Namwona hapa dirishani. Ameketi mdomoni mwa mfereji, mtoto mgongoni.

MWINJUMA: Mwite! Mwambie mumewe amesema—

PAZI: Mume hana neno kwenye maji ya ukoo wa mama. Unalijua hilo. Hatainuka mpaka jua liguse jiwe.

MWINJUMA: (kwa sauti kubwa) Ndiyo, banio! Alama saba! Naandika, saba! (kwa kunong'ona) Amepita Bwana wa tiketi. Pazi, naogopa.

PAZI: Wamepita njia gani? Kama ni barabara ya mikokoteni, tuna nafasi.

MWINJUMA: Wamepita... ile ya nyuma. Ya mawe.

PAZI: Ya mawe? Wazungu hawaijui ile! Nani kawaonyesha?

MWINJUMA: Laini mbaya. Sikusikii.

PAZI: Nimeuliza, nani ka—

MWINJUMA: Fanya kitu, Pazi! Nakuomba!

PAZI: Kipo kimoja. Nikinawa naye mikono pale mdomoni, zamu inakuwa yangu. Nitafunga mimi, yeye apande juu kwa mjomba Rehani.

MWINJUMA: Watakukuta wewe. Mlinzi wao, na matope mikononi!

PAZI: Najua. Lakini mtoto yuko pale. Umesikia? Mbwa hao!

MWINJUMA: Pazi—

PAZI: Usikate. Naiacha simu ikining'inia. Nitamwambia Mosi apite hapa, usikie sauti yake ujue ameondoka.

MWINJUMA: Ngoja! Pazi, ngoja kwanza!

(Maji yanasikika. Mbwa, kwa mbali.)

MWINJUMA: Pazi? Haloo? Nisamehe, ndugu yangu. Bwana alinikaba shingo, akaniuliza maji yanakwenda wapi. Nikasema wanaiba watu wa juu. Nikatoka naye nje, nikamwonyesha njia ya mawe kwa kidole changu hiki. Sikujua zamu ni ya nani. Wallahi, Pazi, sikujua kama ni ya kwetu!

MOSI: Na kama ingekuwa ya jirani?

MWINJUMA: Mosi? Mosi! Uko mzima? Mtoto—

MOSI: Mtoto amelala. Pazi kanituma nikuage. Yeye amebaki pale, anaziba.

MWINJUMA: Kimbia, mke wangu! Kimbia! Nami jioni nitapanda kuwafuata—

MOSI: Usipande.

MWINJUMA: Mosi, nilikabwa! Nisikilize, nilika—

MOSI: Mbwa wamefika. Nakwenda kwa mjomba.

MWINJUMA: Mosi! Haloo? Haloo? Haloo?