Tata Kafula Mukuka, Mutu wa Mikroskopi

Tunamushukuru Mungu kwa maisha ya Tata Kafula Mukuka, ambaye mumekuja kumuzika mukiwa wengi kuliko siku ya harusi yake.

Alizaliwa Puta, tarehe 12 Aprili 1908. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akatoka na mwandiko muzuri na sauti mbaya. Kwaya inashuhudia.

Mwaka 1930 alivuka ziwa, akapata kazi ku lopitali moja upande wa Kongo, kuangalia damu ya wagonjwa wa malale kwa mikroskopi. Huko dokta alimuonyesha namna seli, vile vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, zinavyojigawa. Hakuacha kushangaa.

Tarehe 3 Septemba 1932, kanisani Kashikishi, alimuoa Mama Eneless Ngosa. Mungu aliwapa Jessy peke yake, ambaye aliolewa na Kasonde, muvuvi.

Mwaka 1958 Jessy alimuzaa Patson, mutoto mulegevu, macho ya kuinama pembeni, asiyefanana na mutu yeyote wa ukoo. Mama ya Kasonde, Ba Ennie, akasema Jessy alitembea inje wakati bwana alikuwa ziwani. Munajua desturi yetu: mwanamuke ataje mwanaume, ao arudishwe kwao, na mutoto asipewe jina la ukoo. Jessy hakuwa na mutu wa kutaja. Alilia mwaka muzima.

Juni 1959 Tata alifika Kashikishi, kwa Jessy, akitoka kazini. Dokta alikuwa amemusomea gazeti la madaktari kutoka Paris, lenye habari ya watoto kama Patson. Tata alimukuta Kasonde na mwenzake wa wavu wakigawana samaki kavu kama kawaida: wawili wa ukubwa mumoja kwenye kamba moja, mumoja kila ncha, kamba zote zimepangwa katikati, huyu anashika huku, yule kule, Ba Ennie akiwaangalia.

"Ba Ennie," Tata akauliza, "banakata kamba saa gani?"

"Weye muzee, haujue? Mupaka zote zishikwe pande mbili! Ukikata mbio, mumoja atabeba samaki ya mwenzake."

"Njo vile seli inafanya. Ndani yake, nyuzi zenye kubeba sura ya mutu zinajipanga mbili-mbili katikati, zinashikwa huku na kule, seli inangojea, kisha zinaachana. Lakini siku ingine mbili zinaenda upande moja. Patson alipata uzi moja ya kuzidi. Sababu gani? Hata dokta hajue."

"Na mwanaume?"

"Samaki mbili zikibaki upande moja, munauliza samaki jina la mwanaume?"

Wavuvi walicheka mpaka wakaachilia kamba. Ba Ennie hakucheka. Aliangalia zile kamba, akafungua kitenge chake, akasema, "Jessy, mulete mutoto."

Tangu Septemba Tata aliugua moyo, miguu ikavimba. Alifariki nyumbani Nchelenge, Jumamosi tarehe 21 Novemba 1959, akimushukuru kila aliyemuletea maji, hata waliochelewa.

Ameacha mujane, Mama Eneless, binti, Jessy, ambaye angali katika nyumba ya ndoa yake, mukwe, Kasonde, na mujukuu, Patson Mwansa, mwenye jina la baba ya Ba Ennie, naye sasa hivi analala mugongoni mwa Ba Ennie.

Asante, Tata. Mungu akupe usingizi mutulivu.